Uzamili wa Muziki kwa Anayeishi Kando ya Ziwa

Swali la kwanza la mhitimu wa muziki hapa Mwanza ni "niende chuo gani?" Swali hilo limeruka foleni. Lililotakiwa kutangulia ni la kazi: karatasi hiyo ya uzamili unataka ikuingize wapi? Yupo anayetaka kuandika juu ya ngoma za Wasukuma. Yupo anayetaka kufundisha walimu wa muziki pale Chuo cha Ualimu Butimba. Yupo prodyuza wa Igoma anayetaka kujua kompyuta inaisikiaje sauti. Wote watakuambia wanatafuta "uzamili wa muziki", lakini vyuo vyao ni tofauti, masharti ni tofauti, na faili la maombi la mmoja halimfai mwenzake hata kidogo.

Majina ya shahada yanapoteza wengi. MA ya muziki kwa kawaida ni ya kusoma, kutafiti na kuandika tasnifu. MMus huelemea upigaji, utunzi au uongozaji wa kwaya na okestra, ingawa vyuo vingine huliweka jina hilo hata juu ya utafiti. MEd, au MMus ya elimu ya muziki, ni ya ualimu. MSc ya sauti na kompyuta ni hesabu na kuandika programu, na mtu aliyeijia kwa mapenzi ya studio peke yake hushtuka wiki ya pili. Dawa ni kuacha jina na kufungua orodha ya kozi za muhula wa kwanza. Kama kozi tatu kati ya nne zinakuchosha kuzisoma tu kwenye orodha, tafuta kwingine mapema, kabla hujalipa ada ya maombi.

Utafiti: mali iko hapa, chuo kiko mbali

Ukiwa Mwanza, uzamili wa muziki una maana ya kufunga safari, ila si lazima iwe ya ndege. Chuo Kikuu cha Maseno kinafikika kwa barabara kupitia Musoma, Sirari na Migori hadi Kisumu, kisha mwendo mfupi kwenye barabara ya Busia. Nairobi kuna Kenyatta, yenye idara ya muziki na dansi. Kampala kuna Makerere, na huko kuna kitu ambacho mtafiti wa kanda ya ziwa asikipite: hifadhi ya sauti yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyesimamia Makumbusho ya Uganda na kurekodi muziki wa nchi hiyo katika miaka ya 1940 na 1950. Rekodi hizo zilikaa Uingereza kwa muda mrefu kabla ya nakala zake kurudishwa Makerere. Mtu wa Bukoba anayechunguza enanga atanufaika sana huko, na atakutana na mtego mzuri. Ennanga ya Waganda ni kinubi chenye shingo iliyopinda, wakati enanga ya Wahaya ni ubao uliochimbwa kama hori na nyuzi kulazwa juu yake. Jina karibu ni lile lile, chombo ni kingine kabisa. Pendekezo la utafiti linaloyachanganya hayo mawili hurudishwa ukurasa wa kwanza.

Dar es Salaam kuna Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu, ambako muziki unakaa jirani na tamthilia. Kusini, Chuo Kikuu cha Rhodes kina maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954. Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi. Ulaya na Marekani, majina ya kuyachunguza kwa utafiti wa muziki wa jamii ni SOAS ya London, Indiana huko Bloomington yenye hifadhi kubwa ya muziki wa asili, UCLA na Wesleyan. Na kwa kuwa sisi tunapotamka "ngoma" tunamaanisha chombo, mchezo na shughuli yenyewe kwa pamoja, itazame pia Choreomundus, uzamili wa pamoja wa vyuo vinne vya Ulaya unaohusu dansi na urithi. Wengi wa kwetu hawaombi kwa sababu kwenye tangazo wameona neno "dansi" wakadhani haliwahusu.

Katika vyuo vya kanda yetu tatizo kubwa huwa tasnifu. Masomo ya darasani humalizika ndani ya mwaka, halafu mwanafunzi anakwama, na miaka miwili inazaa minne. Sababu mara nyingi ni mbili: msimamizi ana wanafunzi wengi kupita kiasi, na mada ni pana kama ziwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote iandikie idara, uliza wanafunzi wangapi wa uzamili wa muziki wamemaliza ndani ya miaka mitatu iliyopita na nani angeweza kukusimamia. Idara iliyo hai itajibu kwa majina.

Mada nayo. "Ngoma za Wasukuma" haijawa mada bado. Sogea karibu. Pale Bujora, Kisesa, kando ya barabara ya Musoma, kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na ndiko linakofanyika tamasha la ngoma la Bulabo kila mwaka mwezi wa sita, kuizunguka sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyopingana, yana sheria ambayo mgeni huiona ya ajabu: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hapo una swali linaloweza kupimwa. Watu wakianza kuhamia upande wa pili, manju anabadilisha nini kwanza: maneno, kasi, au anaingiza kituko? Baada ya dakika ngapi? Swali la namna hiyo linafanyika kwa kamera mbili na msimu mmoja.

Neno msimu si la kupamba. Vikundi vinashindana baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti au Septemba. Nyimbo za kulima zinaimbwa watu wakiwa shambani na majembe, mvua zikiwa zimeanza, kati ya Novemba na Februari. Ukienda Julai kuomba bugobogobo, ngoma ya majembe, utapewa, tena kwa ukarimu, lakini utakuwa umerekodi onyesho la jukwaani. Kasi ya wimbo jukwaani haifungwi na jembe linalopanda na kushuka, na wanaotathmini tasnifu hulijua hilo. Chuo kinachoanza masomo Oktoba hukupa nafasi nzuri ya Juni. Ukihitaji nyimbo za shambani, panga mapema kurudi nyumbani mwezi wa kumi na mbili, au omba ruhusa ya kufanya kazi ya uwandani kwa awamu mbili.

Vibali vina ngazi zake hata kwa mzawa: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani, kisha kata, kisha mtendaji wa kijiji. Tenga wiki tatu au nne. Ridhaa ya wapigaji ni jambo la pekee na halimezwi na barua ya serikali. Iandike kwa Kiswahili, iseme sauti itatunzwa wapi, nani ataisikia, na kama itauzwa au la. Fungu la kikundi liwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, la sivyo utalitoa kwenye nauli yako ya kurudia.

Kurekodi

Hapa ndipo maombi mazuri mengi yanapoharibikia, kwa hiyo tukae kidogo. Kamati ya udahili haitakuja Kisesa. Itasikia faili lako.

Rekodi kwa WAV, biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde. Kwa stereo hiyo ni takriban gigabaiti 1 kwa saa, hivyo kadi ya gigabaiti 32 inakutosha siku kadhaa. MP3 iwe ya kutuma kwa WhatsApp, kamwe isiwe nakala mama, kwa sababu kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Kinasa kidogo cha mkononi kinatosha kabisa. Kiweke kwenye stendi, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, umbali wa mita mbili au tatu kutoka kwa wapigaji. Ukikishika mkononi, vidole vyako navyo vitakuwa wapigaji.

Kosa la kawaida ni kupima kiwango cha sauti wapigaji wanapoanza. Ngoma ya Kisukuma hupanda. Watu wakishapata moto, mapigo yanaweza kuwa na nguvu maradufu, na rekodi inapasuka mahali pale pale ulipopahitaji. Omba wapige dakika moja ya mwisho wao kabla ya kuanza, pima hapo, na hakikisha vilele havizidi desibeli 12 chini ya sifuri. Vinasa vya biti 32, kama Zoom H1essential iliyotoka mwaka 2024, vinakusamehe kosa hilo kwa sehemu kubwa, ingawa maikrofoni yenyewe bado inaweza kuzidiwa ukiisogeza mno kwenye ngoma.

Kisha upepo. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka. Utulivu unapatikana asubuhi na mapema, upepo wa usiku ukiwa umekoma na wa mchana haujaanza. Sifongo nyeusi inayokuja na maikrofoni haizuii upepo wa Kirumba wala wa Ukerewe. Nunua kofia ya manyoya. Ndani ya kanisa la bati adui ni mwangwi, na mvua ikija ndiyo basi. Wasogeze waimbaji mbali na ukuta, tandika mazulia au mablanketi sakafuni na kwenye ukuta unaowatazama, zima feni. Ukisikia mlio mzito usiokoma chini ya kila kitu, huo ni umeme wa hezi 50 unaoingia kupitia kebo au chaja. Chomoa, tumia betri.

Video za usaili zina masharti yake, na sharti linalovunjwa zaidi ni la kutounganisha vipande. Vyuo vya upigaji hutaka kila kipande kichukuliwe mara moja bila kukatwa, mikono na uso vionekane, sauti isitiwe madoido. Mara nyingi ni dakika 10 hadi 20 zenye vipande vya mitindo inayotofautiana. Video ya dakika 10 yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde ina megabaiti 600. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 2 ni kama dakika 40 ikiwa haikatiki. Usisubiri saa ya mwisho, maana vyuo vingi hufunga kwa saa zao, na usiku wa manane wa kwao kwako unaweza kuwa alfajiri au saa za kazi.

Solfa

Waimbaji na walimu wa kwaya wa Mwanza ni wazuri, na wengi wao wanasoma solfa (nota za do, re, mi) kwa kasi ambayo mhitimu wa ng'ambo angeionea wivu. Sikio la solfa ni mtaji: mtu anayesikia "ta" na kujua ni ya saba iliyoshushwa amekwisha kuelewa nusu ya somo la hamoni. Lakini mtihani wa kupima nadharia, ambao vyuo vingi vya uzamili huutoa wiki ya kwanza au kabla ya kukudahili, umeandikwa kwa nota za mistari mitano. Watu wanaanguka hapo kwa jambo wanalolijua.

Namna ya kuvuka ni ya kuchosha ila haina siri. Chukua wimbo wa sauti nne unaoujua kwa moyo, uliopo kwa solfa. Uandike upya kwenye MuseScore, programu ya bure, sauti moja baada ya nyingine. Nukta pacha hutenga mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu, mkato hugawa robo. Kila alama uipe thamani yake ya nota. Chapisha, ficha solfa, imba kila sauti ukianza na besi, kwa sababu ufunguo wa besi ndio unaosahaulika. Wimbo mmoja kwa wiki, dakika 20 kila siku. Anza na ufunguo wa C, G na F, kisha D na B bapa.

Mitego ni hii. Sauti ya tena (tenor) katika nota huandikwa oktava moja juu ya inavyosikika, chini ya ufunguo wa treble wenye 8 ndogo mkiani. Asiyejua huandika tena inayowapita soprano. Minor katika solfa huanzia "la", kwa hiyo "se" yako ndiyo nota ya saba iliyopandishwa, na lazima iandikwe kwa alama yake kila inapotokea. Wimbo unapohama ufunguo, solfa huweka herufi ndogo kando ya kubwa kama daraja. Kwenye mistari hakuna daraja, kuna alama za kupandisha na kushusha zinazoanza kuonekana, na mtihani utakuuliza umehamia wapi. Kwa mtu anayeimba kila Jumapili, miezi sita inatosha kufika kiwango cha daraja la 5 la nadharia la ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza. Mtihani huo hufanyika mtandaoni, nao ndio unaotakiwa kabla ya mitihani yao ya upigaji ya daraja la 6 hadi la 8. Cheti hicho si shahada, lakini kamati ya nje huielewa namba hiyo haraka kuliko barua ndefu ya mwenyekiti wa kwaya.

Ualimu

Mitaala mipya ya mwaka 2023 imeipa sanaa nafasi zaidi shuleni, na walimu wa muziki ni wachache. Ila angalia umesimama wapi. Mwenye BA ya muziki, tuseme kutoka Makumira, ambaye hakusomea ualimu, hatua yake ya kwanza huenda isiwe uzamili. Ni stashahada ya uzamili ya ualimu, ambayo Chuo Kikuu Huria hutoa na kina kituo hapa Mwanza. Uzamili bila ualimu unaweza kukuacha na cheti kikubwa kisichokuingiza darasani.

Kwa aliye mwalimu tayari, Kabarak ya Nakuru na Kenyatta ni za karibu. Ghana kuna Cape Coast na Winneba, zilizozama katika elimu ya muziki kwa muda mrefu. Pretoria nayo ina sifa hiyo. Faida ya Ghana na Kenya ni kwamba watakuelewa ukisema darasa lina wanafunzi 70 na kinanda kimoja. Ukiandika pendekezo linalohitaji filimbi moja kwa kila mtoto, hata ukisifiwa, halitatekelezwa Sengerema. Andika juu ya kilichopo: namna ya kuwahamisha watoto wa kwaya kutoka solfa kwenda kwenye mistari, au kufundisha mizani kwa mapigo ya bugobogobo kabla ya kugusa ubao.

Mwalimu wa serikali asiondoke bila ruhusa ya masomo iliyoandikwa na mwajiri. Halmashauri huwa na mpango wake wa mafunzo; jina lako liingie humo mwaka mmoja kabla, kwa barua iliyopitia kwa mkuu wa shule. Ahadi ya mdomo haihesabiki siku ya kuulizwa ulikuwa wapi.

Kompyuta inavyosikia

Hii ndiyo njia yenye nafasi nyingi tupu kwa mtu wa kwetu. Pompeu Fabra ya Barcelona, Queen Mary ya London na Aalborg ya Copenhagen wana uzamili wa sauti na muziki katika kompyuta. Oslo ilianza wa kwake mwaka 2018 pamoja na chuo cha Trondheim. Amerika ya Kaskazini kuna McGill, Georgia Tech, NYU, na kituo cha CCRMA cha Stanford. Barani kwetu, Stellenbosch inafundisha teknolojia ya muziki hadi uzamili.

Wanachokitafuta ni hesabu za kidato cha sita zisizo na kutu: trigonometria, namba changamano, vekta. Juu yake Python, lugha ya kuandika programu. Kabla ya kuomba, maliza kozi ya bure ya uchakataji wa sauti ya muziki ambayo Xavier Serra wa Pompeu Fabra na Julius Smith wa Stanford waliiweka kwenye Coursera. Usipoiweza hiyo hutaweza muhula wa kwanza, na bora uijue habari hiyo ukiwa kwenu Nyegezi.

Kisha tengeneza kazi moja ndogo ya kuonyesha. Serra huyo huyo aliongoza mradi wa CompMusic kuanzia mwaka 2011, uliochunguza kwa kompyuta mila tano za muziki: mbili za India, ya Uturuki, ya opera ya Beijing na ya Kiarabu ya Andalusia. Hakuna hata moja ya kusini mwa Sahara. Litungu la Wakuria lenye nyuzi nane liko Tarime, saa chache kutoka hapa. Rekodi kila uzi peke yake mara tano, kisha wimbo mzima, na uipe kompyuta itafute nota.

Itakosea, na makosa hayo ndiyo kazi yenyewe. Mvumo wa kukwaruza wa litungu hujaza nguvu kwenye sauti za juu na kuiacha ya msingi dhaifu, hivyo programu inaruka oktava nzima. Programu iliyotengenezwa kufuata mwimbaji mmoja, kama pYIN, inachanganyikiwa nyuzi mbili zikilia pamoja. Dirisha la sampuli 2,048, yaani kipande cha sauti kinachopimwa kwa mara moja, ni milisekunde 43 tu. Uzi wa hezi 80 hutimiza mizunguko mitatu na kitu ndani yake, ambayo ni michache. Jaribu 4,096. Mwisho, programu nyingi hulazimisha matokeo kwenye ngazi kumi na mbili za senti 100 kila moja (senti ni kipimo cha umbali kati ya nota), halafu zinakuambia mzee wa Tarime amekosea kutyuni. Zima kipengele hicho, ripoti senti kama zilivyo, na sema umepima sehemu gani ya mlio, maana uzi ukikwanyuliwa kwa nguvu huanza juu kidogo kisha hushuka. Kurasa sita za namna hiyo zenye grafu mbili zinakubeba kuliko midundo hamsini ya studio.

Prodyuza asiye na shahada ya kwanza atakuta vyuo vichache vya Uingereza vinavyopokea uzoefu badala yake. Atulie kwanza. Ukirudi na cheti cha nje, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) inakitambua kwa kutazama pia vyeti vilivyotangulia, na pengo hilo litaonekana. Vivyo hivyo kwa shahada za mtandaoni za uzalishaji wa muziki, kama za Berklee: iulize TCU kwa maandishi kabla ya kulipa. Kwa maoni yetu, kama shida yako ni kuchanganya sauti tu, fedha hizo zingenunua maikrofoni, spika nzuri na miezi kadhaa ya kukaa pembeni ya fundi mzoefu.

Fedha na karatasi

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Inataka saa 2,800 za kazi baada ya shahada, na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unataka ueleze kazi yako inaliletea taifa nini, na "kukuza vipaji" ni jibu la kila mtu; taja mtaala, hifadhi, idadi ya walimu. Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya unaofadhili Choreomundus, hutoa euro 1,400 kwa mwezi kwa waliochaguliwa. Ujerumani majimbo mengi hayatozi ada, isipokuwa Baden-Württemberg inayotoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kwa viza, asiye na ufadhili alitakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, kwa kiwango cha Septemba 2024. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, wana ufadhili wa wanamuziki peke yao. Wanaosema Norway ni bure wanasoma taarifa za zamani: tangu vuli ya 2023 wageni wa nje ya Ulaya wanalipa.

Marekani fedha ziko zaidi kwenye uzamivu, na kwenye nafasi za msaidizi wa kufundisha zinazofuta ada na kutoa posho. Maombi ni dola 70 hadi 150 kwa chuo. Kabla ya kulipa muandikie profesa maneno 150: mada yako, kazi yake moja uliyoisoma, na kama anapokea wanafunzi mwaka huo. Kwenye barua ya maelezo binafsi, futa ile sentensi ya kupenda muziki tangu utoto.

Karatasi inayochelewesha wengi ni jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema moja, NIDA lingine, shahada imepunguza la katikati. Yalinganishe kabla ya kuomba pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000, na palipo na tofauti tengeneza hati ya kiapo au ya kubadili jina mapema. Alama pia: vyuo vingi vya hapa hutaka GPA ya 2.7 kwa kuingia uzamili. Lakini anayelenga kufundisha chuo kikuu ajue matangazo ya kazi hutaka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili, na ya kwanza hairekebishwi na ya pili. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka miwili, hivyo usiufanye mapema mno. Uliza kwanza kama barua ya chuo chako, inayosema ulisoma kwa Kiingereza, inakubalika.

Na zile rekodi za Kisesa. Zipe majina yenye tarehe, mahali na kikundi, mfano 2026-06-07_Kisesa_Bagika_01, na andika pembeni nani aliimba na nani alipiga. Weka nakala tatu: moja kwako, moja chuoni, na moja kwenye diski ya kikundi chenyewe, pamoja na MP3 za kuingia kwenye simu, kwa sababu WAV ya gigabaiti moja hakuna atakayeifungua kijijini.